Kariokor, Mahali Tairi Linapogeuka Kiatu

Sisi watu wa pwani tunapopanda basi la usiku pale Mwembe Tayari kwenda Nairobi, mara nyingi huwa tunakwenda kwa haja tatu: hospitali, ofisi za serikali, au jambo la jamaa, liwe la furaha au la msiba. Haja ikiisha tunarudi, na mji wenyewe tunauacha kama tulivyoukuta. Jina la Kariokor wengi wetu tumelisikia kwa sababu ya makaburi ya Waislamu yaliyoko huko, na huenda wapo kati yenu waliokwenda kuzika, wakatoka langoni na kupanda gari bila kugeuza shingo. Juma hili tunapenda kuwapeleka hatua chache mbele ya makaburi, mpaka sokoni, tukaangalie kazi ya watu wanaochukua tairi lililotupwa na kulitoa likiwa kiatu.

Kariokor iko ng'ambo ya Mto Nairobi ukitoka katikati ya mji, jirani na Ngara, Ziwani na Pangani. Ni mtaa wa zamani kwa hesabu ya Nairobi, mji ambao wenyewe haujatimiza miaka mia na hamsini. Jina lake si la Kikuyu, wala la Kimaasai, wala la Kiswahili cha asili. Ni maneno ya Kiingereza yaliyopita katika vinywa vya watu wetu: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Kambi ya kikosi hicho ilikuwa hapo. Ndugu zetu wa Dar es Salaam waliyapokea maneno hayo hayo wakayatamka Kariakoo, na soko lao kubwa limebeba jina hilo hadi leo. Kwa hiyo mtu anayenunua vitunguu Kariakoo na mtu anayenunua kikapu Kariokor wanataja kumbukumbu moja, ingawa ni wachache wanaojua kwamba wanafanya hivyo.

Kumbukumbu hiyo si nyepesi. Vita ile ilipiganwa katika nchi yenye mbung'o, na mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, wala barabara za magari hazikuwapo za kutosha. Mzigo wa jeshi, tangu risasi mpaka unga, ukawekwa juu ya vichwa vya watu. Vijana walichukuliwa kila upande wa nchi, na mwaka 1917 kamatakamata ilizidi kuliko ilivyokuwa kabla yake. Wagiriama wa hapa kwetu walikuwa wamekwisha kukataa mwaka 1914 kutoa vijana wao kwa kazi za Mwingereza, na waliadhibiwa vikali kwa kukataa huko. Waliokwenda, makumi ya maelfu hawakurudi, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa na njaa. Familia nyingi hazikupata hata ujira wa marehemu wao. Katika Barabara ya Kenyatta jijini Nairobi zipo sanamu tatu za shaba za ukumbusho wa vita hiyo, mmojawapo akiwa mpagazi, na maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu.

Tunataja haya kwa sababu ya jambo moja linalohusu miguu. Wapagazi wale, kwa sehemu kubwa, walitembea peku. Funza waliwaingia vidoleni, vidonda vikaoza, na mtu asiyeweza kutembea katika msafara ule alikuwa amekwisha. Baada ya vita magari yakazidi, na kazi ya kichwa cha mpagazi ikahamia kwenye magurudumu ya lori. Leo, katika mtaa wenye jina la watu wale waliokosa viatu, gurudumu la lori linakatwa kuwa kiatu. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, bali sisi kila tunapofika pale hatuwezi kuacha kulifikiria.

Soko la Kariokor linajulikana kwa mambo mengi. Wapo wasusi wa viondo vya katani, wapo wachoma nyama ambao moshi wao humpokea mgeni kabla ya mwenyeji, wapo wauza ngozi na wanawake watungao shanga kwa kasi ambayo jicho haliifuati. Lakini upande wa mafundi wa akala ndio uliotuleta. Akala ni viatu vya wazi vilivyotengenezwa kwa tairi la gari. Tanzania huviita katambuga. Wamaasai wamevivaa kwa muda mrefu hata mgeni hudhani ni vazi la jadi lililotangulia gari lenyewe, jambo ambalo bila shaka haliwezekani.

Utamkuta fundi amekaa juu ya kibao kifupi, tairi limelala baina ya miguu yake, kisu kikali mkononi, na kopo la maji pembeni. Maji hayo si ya kunywa. Mpira hushika kisu kama gundi, na fundi asipoulowesha kila mara, kisu hukwama na kuruka kinapojinasua, na hapo ndipo vidole hukatika. Kwanza huondoa ukingo mgumu wenye waya, ule unaokalia rimu. Kisha hutenga ubavu wa tairi na uso wake. Uso, wenye kashata zinazoshika barabara, ndio utakaokuwa soli. Ubavu ni mwembamba na hupindika, nao hutoa mikanda, ingawa mikanda mingine, hasa gidamu, hutoka katika tyubu, ule mpira wa ndani ulio laini zaidi.

Halafu huja kazi ambayo mtazamaji asiyekuwa makini huipita. Uso wa tairi una tabaka nyingi: mpira, nyuzi, mpira, nyuzi. Soli yenye tabaka zote ni nzito mno kwa mguu wa mwanadamu. Fundi huingiza kisu baina ya tabaka na kuzichambua, kama mama anavyotenga kurasa za chapati za maji zilizoshikana, kwa subira, akivuta kwa mkono mmoja na kukata kwa mwingine. Akikosea kwa unene wa ukucha, soli inatoboka. Tulimwuliza fundi mmoja mzee anajuaje mahali tabaka moja inapoishia. Akatujibu, "Sheikh, mkono ndio unaojua. Mimi mwenyewe sioni."

Zaidi ya hayo, tairi lina umbo lake la duara, na soli hukumbuka duara hilo. Akala ya kwanza kutoka kisuni huinama, ncha ya mbele imeinuka mithili ya omo ya jahazi. Wapo wateja, hasa wafugaji, wanaoipenda hivyo hivyo, kwa kuwa ncha iliyoinuka hukinga vidole na miba na mawe. Wateja wa mjini huitaka bapa, na fundi huchagua kipande cha tairi kubwa zaidi, ambalo duara lake ni pana na mkunjo wake ni mdogo. Maana yake ni kwamba kabla ya kukata amekwisha kuupima mguu wa mtu na kuuoanisha na ukubwa wa lori. Mikanda hupenyezwa katika matundu ya ubavuni au hupigiliwa kwa misumari mifupi inayokunjwa ndani ya mpira isiuguse mguu. Hakuna gundi, hakuna mashine, na hakuna umeme.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini kukata kwa jasho namna hii? Kwa nini matairi yasiyeyushwe tu, kama chupa za plastiki na vyuma, yakamiminwa katika kalibu? Jibu limo katika mpira wenyewe. Utomvu wa mpira kwa asili yake hulainika kwa joto na kupasuka kwa baridi, wala haufai kwa gurudumu. Mwaka 1839 Mmarekani aitwaye Charles Goodyear aligundua kwamba ukipikwa pamoja na salfa hupata uimara usioondoka. Ndiyo siri ya tairi, na ndiyo balaa yake. Mpira uliokwisha kupikwa hivyo haurudi kuwa ute. Ukiutia motoni hauyeyuki ukamwagika, bali huungua na kutoa ule moshi mweusi tunaoujua siku za vurugu. Kitu kilichofanywa kisiharibike hakiharibiki hata pale tunapotaka kiharibike. Kwa hiyo mbele ya tairi kuukuu mwanadamu wa kawaida ana njia chache: alitupe, alichome akatie watu sumu, au alikate. Viko viwanda vinavyoyasaga na kuyachoma kwa utaratibu maalumu, lakini kwa mtu mwenye mikono miwili tu, kisu ndiyo njia safi kuliko zote.

Sasa, je, hii ni sanaa? Tumewasikia watu wenye elimu wakisema kwamba akala ni ufundi wa maskini, na sanaa ni kitu kingine kinachowekwa ukutani na kuwekewa taa. Hatukubaliani nao. Wazee wetu wa Lamu na Mombasa walivaa makubadhi ya ngozi yaliyotiwa nakshi, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba fundi wa makubadhi si msanii. Tofauti iko katika malighafi tu. Fundi wa ngozi alianza na ngozi nzuri, na huyu wa Kariokor anaanza na kitu ambacho mwenyewe amekilipia mtu akichukue. Ukizitazama akala kumi zilizopangwa mkekani utaona kila fundi na mkono wake: huyu huacha kashata zionekane ubavuni kama urembo, yule huvuka mikanda mara tatu, mwingine hupunguza kisigino kwa mshazari ambao hauna kazi yoyote isipokuwa kupendeza. Pale ambapo mtu ameongeza kitu kisichohitajiwa na mguu, kwa ajili ya jicho peke yake, sisi twaona sanaa imekwisha kuingia.

Na kwa kuwa tunaandika kwa familia za Kiislamu, hatuna haja ya kueleza kwa urefu heshima ya kazi ya kiatu. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) nyumbani kwake alikuwa akitengeneza viatu vyake mwenyewe. Hilo latosha.

Tairi si kiungo pekee cha gari kinachopata uhai wa pili katika pande hizi. Ukirudi kuelekea mjini utapita Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wa Nairobi bado huiita Grogan, penye maduka ya vipuri na makanika wasio na idadi. Ukishuka upande mwingine utafika Gikomba na Kamukunji, ambako kelele za nyundo za jua kali huanza asubuhi na hazinyamazi mpaka jioni. Huko springi bapa za magari hufuliwa kuwa mapanga, visu na patasi, maana chuma cha springi kina ugumu ambao mhunzi hawezi kuupata kwa bei nyingine. Wahunzi wa pwani nao hufanya vivyo hivyo. Na wengi wetu tuliosoma katika vyuo vya zamani tunaikumbuka rimu ya lori iliyotundikwa tawini, ikigongwa kwa kipande cha chuma kutuita darasani. Sauti yake haikuwa mbaya.

Kutoka katika chuma chakavu hiki wako Wakenya waliotoa kazi zilizovuka bahari. Kioko Mwitiki alijulikana kwa ndovu na wanyama wengine wakubwa waliounganishwa kwa vipande vya chuma kilichotupwa. Cyrus Kabiru, kijana wa Nairobi aliyezaliwa mwaka 1984, hutengeneza miwani ya ajabu kwa waya, vijiko, nati na takataka nyingine za mjini, na miwani hiyo imeonyeshwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Vijana wengine huunganisha plagi, gia, cheni na beringi wakapata ndege, mjusi, au mtu anayepiga gitaa.

Hapa wazazi huuliza, na ni haki yao kuuliza. Wanazuoni wameizungumza sana habari ya sanamu za viumbe wenye roho, na msimamo wa wengi wao ni kukataza. Sisi hatutaki kulipunguzia uzito jambo hilo. Lakini tumesikitika kuona mzazi akimwondoa mwanawe kabisa katika kuchomelea vyuma kwa hofu ya sanamu ya twiga, kana kwamba chuma hakijui umbo jingine. Mafundi wa milango ya Lamu walikuwa na hofu hiyo hiyo, na hofu yao iliwazalia maua, minyororo, majani na mistari inayozunguka bila mwisho, hata dunia nzima ikaja kuitazama. Gia ya gari kwa umbile lake ni ua. Beringi ni duara ndani ya duara. Cheni ni mpaka wa nakshi uliokwisha kukatwa tayari. Kijana mwenye jicho anaweza kutoa lango, taa, kishikio cha msahafu au meza kwa vitu hivyo, na hatujui ni nani atakayemzuia.

Swali tunaloliona zito zaidi ni jingine, na halizungumzwi sana: kile kipande kimetoka wapi? Nairobi ina sifa mbaya ya vioo vya pembeni kung'olewa katika foleni, na vifuniko vya mitaro kupotea usiku. Januari 2022 nchi ilipata giza baada ya nguzo za umeme kuanguka, ikasemwa kwamba vyuma vyake viliibwa, na serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Miezi michache baadaye ikafunguliwa kwa masharti. Katika muda ule mafundi waliokuwa wakinunua kwa njia safi walikaa bila kazi pamoja na wezi. Uzuri wa kazi hausafishi asili yake. Anayetaka kumpeleka mwanawe akajifunze, na amwulize fundi huyo ananunua kwa nani, na kama anaandika. Mafundi wa akala, kwa bahati, wana usalama zaidi katika jambo hili, kwani hakuna mwizi anayejisumbua na tairi lililokwisha kabisa.

Lakini kazi yao ina adui wawili. Wa kwanza ni tairi lenyewe la siku hizi. Zamani tabaka zake zilikuwa za nyuzi za pamba au nailoni, ambazo kisu huzikata. Matairi mengi ya sasa yana mkanda wa waya za chuma ndani ya uso wake. Waya hizo huvunja kisu, na zikibaki kwenye soli hutokeza siku moja na kumchoma mvaaji. Fundi hulazimika kutafuta aina za zamani, za malori na matrela, na bei yake inapanda kila wauzaji wanapogundua kwamba yanatafutwa. Tyubu nazo zinaadimika, kwa kuwa magari madogo sasa hutumia matairi yasiyokuwa na tyubu, na fundi wa gidamu hutegemea malori na pikipiki. Adui wa pili ni ndara za plastiki, rahisi, zenye rangi, zinazokatika kabla ya mwaka kuisha.

Na ndara hizo mwisho wake twaujua sisi wa pwani, kwa sababu bahari hutuletea. Ufuo wa Lamu ulijaa ndara zilizokatika kiasi kwamba mafundi wa huko, chini ya Ali Skanda, walitengeneza jahazi zima la plastiki chakavu na kulipamba kwa vipande vya ndara elfu 30. Waliliita Flipflopi, wakalishusha majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Unguja. Tulifurahi kama wengine. Hata hivyo jahazi moja halimalizi ndara za pwani nzima, na watoto wetu bado wanavaa za kukatika.

Matairi nayo tunayo, tena mengi. Yamelala nyuma ya gereji, juu ya mapaa ya mabati kuzuia upepo, na katika nyua zetu wenyewe. Mvua ikinyesha, tundu lake hushika maji ambayo hayamwagiki hata ukiligeuza, na mbu aambukizaye homa ya dengue hupenda maji ya namna hiyo kuliko kisima. Mombasa imeugua dengue zaidi ya mara moja, mwaka 2013 ukiwa mmojawapo, na wapo wasomaji wanaoikumbuka katika mifupa yao. Hilo tairi lililoko uani kwako sasa hivi, aidha ni la kutobolewa matundu maji yapite, au ni la kumpa mtu mwenye kisu. Mafundi wa akala wako hata Mombasa, ingawa si wengi kama wa Kariokor, na tumesikia baadhi yao wakilalamika kwamba hawapati matairi ya nyuzi ilhali yanaozesha maji majumbani.

Kwa atakayekwenda Nairobi kwa haja zake na akapata saa mbili za ziada: nenda asubuhi, siku isiyokuwa ya Ijumaa, kabla jua halijawa kali na mafundi hawajachoka. Usibembeleze bei mpaka ukamdhalilisha mtu. Kwanza mwombe akuonyeshe jinsi anavyochambua tabaka, kisha utajua mwenyewe cha kulipa. Akala mpya hubana juma la kwanza, na wengine huipaka mafuta kidogo penye mikanda. Anayemtakia mtoto aliyebaki nyumbani, na achore nyayo zake juu ya karatasi kabla ya kusafiri, mtoto akiwa amesimama, si ameketi. Achore zote mbili, kwa kuwa fundi anasema katika miaka yake yote pale sokoni hajapata kuona mtu ambaye mguu wake wa kulia ni sawasawa na wa kushoto.